Kikao cha Kumpa Mama Nafasi

Kiatu kimoja cha mtoto mchanga, cha mguu wa kushoto, mtu mzima mwenye upara hukifanyia nini? Kaka mkubwa alikigeuza kiganjani, akakinusa, akakirudisha mezani. Jibu hakuwa nalo, na hilo lilimkera, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao.

Kikao chenyewe alikiitisha kwa nia njema. Juzi tu mama yao, mkunga mstaafu, alikuwa ameshusha kikombe cha chai na kusema kwa sauti yake ya kawaida, "Nyumba hii imenielemea, wanangu. Nataka nafasi nipumzike." Kisha akainuka kwenda kuanika nguo, mabeseni mawili yaliyojaa pomoni.

Watoto wake watatu walimwelewa papo hapo. Kuelewa mambo upesi kilikuwa kipaji cha familia ile. Kilichomwelemea mama, walikubaliana, ni lile sanduku la stoo alimowahifadhia utoto wao: meno yaliyong'oka, michoro, nywele za kwanza kunyolewa, utepe wa wodini aliovishwa kila mmoja siku ya kuzaliwa. Mwanamke aliyekata vitovu vya nusu ya mji alikuwa ameshindwa, miaka yote hiyo, kutupa kibanio cha plastiki cha kitovu cha mwanawe wa kwanza.

"Mama yetu amejitoa mhanga kwa ajili yetu," kaka mkubwa alifungua kikao, kandambili miguuni, runinga ikiunguruma nyuma yake. "Sasa ni zamu yetu kujinyima."

"Tujinyime nini?" aliuliza dada, ambaye alikuwa amelala kwenye kochi refu na hakuona sababu ya kuinuka.

"Hivi vitu. Tunavitupa."

"Vyako au vyangu?"

Wote watatu walikuwa tayari kabisa kujitolea, ilmradi aanze mwingine.

Walianza na mchoro wa kitindamimba, kwa kuwa hakuna aliyeupenda. Kitindamimba, ambaye ndevu zake zilikuwa zimeanza kuingia mvi, aliuvuta kifuani.

"Huu ni ng'ombe wangu. Hauendi popote."

"Ng'ombe wa miguu mitano?" dada alimkejeli.

"Huo wa tano ni mkia."

"Na huu wa huku nyuma?"

"Dada, mbona meno yako hatuyasemi? Meno ya mtu yamekaa kwenye kopo la dawa kama vidonge. Nani anayataka?"

"Hayo ni historia," dada alisema, akalifunika kopo kwa kiganja.

Mama akapita na sinia, akawamiminia chai bila kuuliza nani anakunywa na sukari ngapi. Kaka mkubwa alimwinulia mkono kwa upole, kama daktari anayemtuliza mgonjwa.

"Mama, kaa utulie. Tupo kwenye jambo lako."

"Ninaona, mwanangu."

"Lile shati langu la kesho?"

"Nimelinyoosha. Nimelitundika mlangoni."

"Mnaona?" aliwageukia wadogo zake mama alipotoka. "Amechoka. Hata kuzungumza kwa kirefu hawezi. Sanduku hili litamwua."

Alisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika chini kabisa ya sanduku na kuibuka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa cheti cha chekechea, chenye muhuri wa nyota: Mtoto Msafi wa Darasa. Aliisoma polepole. Hivi, karatasi hii ikienda jalalani, nani tena duniani angejua kwamba aliwahi kuwa wa kwanza katika jambo? Katika mshtuko huo akagonga kikombe, chai ikatapakaa mezani hadi zuliani. Mama alirudi na kitambaa, akapiga magoti, akafuta. Kaka mkubwa akainua miguu ili asimzuie, macho yakiwa bado kwenye cheti.

"Mwenyekiti analia," kitindamimba alinong'ona.

"Silii. Ninatafakari."

Kikao kikakwama hapo. Kutupa kuliwaumiza wao. Kutotupa kulimwumiza mama. Ndipo kaka mkubwa akaliona suluhisho, la kiungwana kiasi kwamba yeye mwenyewe lilimgusa.

"Vitu hivi mama ndiye aliyevitunza," alitangaza. "Na anayetaka kupumzika ni yeye. Basi aamue yeye. Mama, sema neno moja tu, nasi tutatii bila ubishi."

"Bila ubishi," dada alirudia.

"Hata kama ni ng'ombe wangu," alisema kitindamimba kwa ujasiri.

Mama aliinuka kutoka zuliani, mkono mmoja ukishika meza na mwingine ukishika goti. Akakamua kitambaa ndani ya kikombe kitupu, akaketi. Hakuna aliyekumbuka lini alimwona ameketi sebuleni mchana.

"Uamuzi wowote?"

"Wowote, mama. Hata ukituuma."

Akavitazama vitu vile kimoja kimoja, akavirudisha sandukuni kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto, akafunga kifuniko.

"Vinabaki," alisema.

Kaka mkubwa alishusha pumzi. Dada akafuta kope kwa ncha ya kidole. Kitindamimba alimkumbatia mama begani na kumwambia kwamba tangu mwanzo aliujua moyo wake.

Mama akangoja wamalize.

"Hivi havijawahi kuniuliza leo tunakula nini. Mnaoondoka ni ninyi watatu, na mwisho wa mwezi kila mmoja ataniachia ufunguo wa chumba chake."