Mkebe Uliokuwa Ukilia

Walubengo aliutikisa mkebe mara ya tatu asubuhi hiyo, akautegea sikio, kisha akauweka chini.

"Siendi," alisema.

Mkewe Agneta alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga kwa vidole. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu mweupe tangu mavuno ya mwaka juzi. Mwanga aliuona, na vivuli. Sura ya mumewe alikuwa akiikumbuka tu.

"Jana ulisema unaenda, Baba Jentrix."

"Jana sikuusikiliza huu mkebe. Unalia kama kengele ya shule. Mwizi ataketi behewa la nne na bado atausikia."

Ndani ya mkebe mlikuwa na sarafu za zamani za senti kumi, zile za shaba za wakati wa Mwingereza, zenye tundu katikati. Walubengo alizikusanya miaka yote aliyopakia mizigo bandarini Kisumu, na serikali ilipoziondoa sokoni, hakwenda kuzibadilisha. Watu walimcheka. Kila mara alipozihesabu, alifika themanini na tisa, akanyamaza kidogo, ndipo akasema polepole, "Tisini."

Sasa Nairobi kulikuwa na maonyesho makubwa ya wakusanyaji wa sarafu, siku mbili tu. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo alikuwa amemwandikia barua. Alitaka moja tu kati ya zile tisini, na bei aliyotaja ingemlipa daktari wa macho. Daktari mwenyewe alikuwa amesema wasingoje mvua nyingine. Mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma upande wa ziwa.

"Ni ipi anayoitaka?" Agneta alikuwa amemwuliza.

"Nikikuambia, utamwambia Benta. Na Benta ni redio."

Agneta hakukasirika. Alimjua mzee wake. Kwanza alikataa kwenda kwa sababu mke hana wa kubaki naye usiku. Benta, jirani yao hapo mtaani Obunga, akaja na mkeka wake kabla hajaombwa. Kisha mzee akasema hana koti la kwendea mbele ya watu. Mchungaji akavua lake baada ya ibada, akasema siku hizi linampa joto. Sasa ni mkebe. Ukweli ni kwamba Walubengo aliogopa. Katika maisha yake alikuwa ameambiwa "hapana" kwenye milango mingi, na hii ya mwisho hakutaka kuisikia.

Mchana alipotoka kwenda stesheni kuuliza, ati kuuliza tu, kama nafasi bado zipo kwenye gari la jioni, Agneta alimkumbuka mama yake. Zamani, mama alipokwenda sokoni, alizitunga senti zake kwenye kamba ya katani, akajifunga kiunoni chini ya nguo. Hazikulia wala hazikuanguka.

Akamwomba Benta uzi wa kushonea nyavu, akauvuta mkebe mapajani, akaanza kutunga. Moja, nyingine, nyingine. Macho hayakuhitajika. Vidole vilitafuta tundu, uzi ukapita.

Moja ilikataa. Akaigeuza, akaijaribu kwa sindano, ikakataa.

"Hii imeziba," alimwambia Benta. "Uchafu wa miaka thelathini."

Benta akamshika mkono wakaenda kwa Ouma, fundi wa baiskeli pale kando ya barabara. Ouma aliishika ile senti, akaikwaruza kwa ukucha.

"Imeziba mpaka imekuwa chuma, Mama. Lakini leo imekutana na mimi."

Akaiweka juu ya kipande cha reli, akaisimamishia msumari mnene, akapiga nyundo mara tatu. Kisha akachukua tupa akalainisha kingo, polepole, ili zisije zikakata uzi. Agneta alipofungua leso yake kutafuta pesa, Ouma aliukunja mkono wake akaurudisha.

"Pesa ya nini? Ukirudi na macho, utanilipa kwa kuniona nilivyo mzuri."

"Basi heri abaki hivyo hivyo," Benta alisema, na wote watatu wakacheka.

Walubengo alirudi jua likiwa limeinama. Nafasi zilikuwapo, alisema, kwa sauti ya mtu aliyeombea zisiwepo. Agneta alimwekea ule uzi mikononi.

Walubengo aliutikisa. Haukulia.

"Umezitunga," alisema.

"Jifunge kiunoni, chini ya shati. Hata ukilala hakuna atakayejua."

Agneta alisikia koti la mchungaji likivaliwa, mkono mmoja, halafu wa pili, na baada ya hapo kicheko kidogo ambacho hakuwa amekisikia ndani ya nyumba ile tangu ukungu uingie.

"Naenda," Walubengo alisema. "Mama Jentrix, naenda. Na nikirudi utaniona nilivyozeeka, usije ukakimbia."

Akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Sasa nikuambie, maana sina hofu tena. Hizi ulizotunga ni za kuonyesha tu, zenye tundu wanazo maelfu. Anayoitaka yule mtu ni ile moja ambayo Mwingereza alisahau kuitoboa kule kiwandani. Hiyo nitaifunga peke yake kwenye leso. Nipe hiyo, nisichelewe gari."

Tabasamu lilikuwa bado usoni mwa Agneta. Aliuchukua uzi kutoka mkononi mwa mumewe, na vidole vyake vikaanza kutembea juu yake, senti baada ya senti, ingawa alijua kwamba zote tisini zilikuwamo.