Sauti ya Akiba

Chuoni kwetu kila mwanafunzi ana sauti ya akiba, inayoongea kama yeye na kupiga simu nyumbani wakati yeye anasoma. Yangu humpigia mama kila jioni, kisha huniandikia: "Nyumbani hawajambo." Habari za ugonjwa na msiba niliiagiza inifiche mpaka mitihani iishe.

Leo nimekula wali peke yangu chumbani, nikatamani kumsikia mama. Nikapiga mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwanahawa. Tunachagua mchele wa kesho."

"Kesho kuna nini?"

"Arobaini ya bibi yako. Umesahau? Siku tuliyomzika ulilia kwenye simu mpaka nikakuimbia."

"Niimbie tena, mama."

"Mbona jana uliniambia umeshapoa?"