Mtani Aliyesema Tafadhali

Siwema, mkandaji wa Kisarawe, alishika mashine ya kukandia, ile ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, ambayo mumewe aliinunua mjini. Ilivyonguruma, hata kuku wa kijiji cha Visiga waligoma kutaga.

Mkekani alilala mtani wake, mzee wa Kinyamwezi, mguu mmoja umevimba. Ua ulijaa watu.

"Zungusha basi!" mumewe alihimiza.

Siwema hakuwa na raha. Siku nyingine mzee huyu angekwisha kumwita mchawi kwa utani. Alingoja tusi; halikuja.

"Tafadhali, mama," mzee alisema taratibu. "Anza."

Mama! Siwema akaiweka mashine chini, akalaza kiganja kwenye shavu la mguu ule. Lilikuwa gumu, tena la moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Mguu wa pili ulikuwa baridi.

"Anaogopa chuma!" mumewe alicheka.

"Huenda damu imeganda humu," Siwema alisema. "Mguu wa namna hii haukandwi, wala hautikiswi. Leteni kitanda cha kamba, tumpeleke hospitali."

Walipomwinua, mzee alikuwa kimya. Siwema akashika tendegu, akamwinamia sikioni.

"Nitukane, mtani. Nitukane mpaka tufike."