Matuta ya Bi Kobe

Tega sikio, wewe mwenye haraka. Njia ya mtoni ilipanuliwa ili Nyati akimbie apendavyo, na tangu hapo akawa anawakanyaga wenzake kama majani makavu. Mume wa Bi Kobe alikufa akivuka kwenda kunywa maji. Bi Kobe akaenda kulalamika kwa Nyati, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa njia.

"Mwenye miguu mifupi na atazame kabla ya kuvuka," Nyati akamjibu.

Hata pole! Neno dogo kiasi hicho likamshinda. Bi Kobe akarudi, akawaita wajane wenzake. Wakaokota magamba yaliyopasuka ya waume zao, wakayakingamisha njiani, wakashindilia udongo juu yake.

Asubuhi yake Nyati akaja mbio kama kawaida. Akajikwaa, akabingirika, pua ikachubuka.

"Nani ameweka matuta haya bila kuniuliza?" akafoka.

"Umeyaweka mwenyewe, Bwana Nyati," akasema Bi Kobe. "Fukua uone. Kila gamba ni la mmoja uliyemkanyaga. Hilo ulilolilalia ni la mume wangu."

Nyati akafukua, akaona, akainamisha pembe. Siku hizi yeye hupita katikati, tena polepole. Ukingo mmoja wa njia amewaachia wakimbiaji wepesi kama Swala, na ukingo wa pili akina Kobe.

Basi nawe unayelaani tuta njiani, shuka kwanza uulize ni la nani.