Bahasha za Mama Joyeuse

Euphrasie alikuwa na bahasha zaidi ya mia jikoni kwake, na hakuwa na barua hata moja.

Bahasha kwenye droo ya vijiko, bahasha juu ya friji. Fupi alizitia bizari na iliki. Ndefu alizikata kona, akazitumia kuwekea alama kwenye Biblia. Nyingine aliziandika mgongoni vitu vya kununua: unga, mafuta, majani ya sombe. Majirani zake huku ughaibuni, pale Columbia Heights, walizitupa barua za matangazo kwenye pipa la mlangoni bila hata kuzitazama, na yeye roho ilimuuma. Jamani, mtu aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka kumi na miwili, akifungiwa vidonge kwenye karatasi ya daftari, utamwambiaje atupe karatasi safi namna hii?

Nzuri kuliko zote ni zile alizotengenezewa na mumewe. Bahizire ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku la barua, na ndiye aliyejua kusoma Kiingereza. Kila akirudi kutoka kazini, kwenye ghala la kule Savage, aliketi mezani, koti bado mwilini, akafungua barua moja moja, akasoma kimyakimya, akatoa hukumu.

"Takataka. Wanauza kadi ya benki. Hii nayo takataka, mambo ya meno."

Karatasi za ndani alizichanachana. Bahasha alimpa mkewe. Zenye picha za piza alimpa zilivyo. Lakini baadhi ya zile nyeupe ndefu alizibandua taratibu kwa kisu, akazigeuza nje ndani, akazibandika upya kwa gundi. Kwa ndani zilikuwa na maua madogo ya buluu, utafikiri kitenge.

"Ona, Mama Joyeuse. Nimeivalisha nguo mpya."

Wanawake wa kanisani walimwonea wivu waziwazi. Mume gani huyo wa kukaa na gundi kwa ajili ya mke? Wa kwao wakitoka kazini walitaka chakula na rimoti, basi.

Euphrasie angelalamika nini? Alikuwa na lake moja tu, nalo lilimla usiku na mchana: Nshuti, mwanawe wa mume wa kwanza, aliyemzaa kabla ya Joyeuse. Nshuti alibaki kambini kwa shangazi yake kwa sababu jina lake halikuingizwa kwenye faili la Bahizire la kuhamia huku. "Tutalishughulikia tukifika," Bahizire alisema siku ile wanapanda basi. Walipofika, mama mmoja wa kanisani, mwanasheria, akawajazia fomu ya kumwita Nshuti kabla hajahamia jimbo lingine. Aliwaonya: ofisi ya uhamiaji itawaandikia, na ikiandika mjibu upesi, msipojibu faili linafungwa.

Miaka mitatu sasa. Nshuti alikuwa na miaka kumi na sita wakati ule. Siku hizi sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mwanamume mzima, na alikuwa ameacha kuuliza atakuja lini.

"Wameandika?" Euphrasie aliuliza kila siku ya Mungu.

"Bado," Bahizire alijibu, kidole kikipaka gundi. "Hao wana mafaili ya dunia nzima. Tena barua ya maana ukiiona utaijua tu. Haiji na kidirisha cha plastiki kama hizi. Inakuja na muhuri."

Hilo lilimwingia. Kambini barua ya maana ilikuwa na muhuri kweli, ikatangazwa kwa kipaza sauti, na mwenyewe akaipokea kwa kuweka dole gumba. Vitu vya kidirisha vilikuwa matangazo, nani asiyejua?

Jumamosi moja ya Aprili, theluji imekwisha kuwa tope, Kemunto alishuka kutoka ghorofa ya juu kuomba mbegu. Alikuwa Mkenya, anasomea uuguzi, na kanisa lilikuwa limempa kipande cha bustani. Euphrasie alimchagulia bahasha mbili za maua ya buluu.

"Hii lengalenga, mchicha wa kwetu. Hii pilipili."

"Woi, Mama Joyeuse, hizi bahasha ni maridadi! Umezitengenezaje?"

"Mimi tena? Fundi ni Baba Joyeuse."

Kemunto akatia ukucha kwenye mshono ili aone ufundi wenyewe. Gundi ikaachia, lengalenga zikamwagika mezani. Akaikunjua bahasha yote, akasoma upande uliokuwa umegeuziwa ndani, uso ukamchangamka.

"Kumbe imigresheni walishawaandikia! Hongera, mama. Na hapa wameweka kwa red, ati mjibu haraka." Akaibandua na ya pilipili. "Hata hii ni yao. Tarehe ya posta ni ya mwaka juzi. Sasa Nshuti anakuja lini?"

Euphrasie alikwenda chumbani. Chini ya mto alikuwa na bahasha aliyoipenda kupita zote, yenye picha ya Nshuti ndani yake. Aliitoa picha, akaiweka kitandani, akaanza kubandua. Kiingereza hakujua, ila ndege tai aliyechapwa kwenye kona alimjua; alikuwa juu ya ile fomu yao, na alikuwa kwenye zile mbili za jikoni.

Sebuleni mlango ulifunguliwa. Kiti kikaburutwa. Karatasi ikachanwa, mara moja, mara mbili, vipande vidogo vidogo.

"Leo takataka tupu, Mama Joyeuse," Bahizire aliita kwa sauti yake ya upole. "Hebu niletee gundi."