Mara ya Pili ni ya Baba Ketsia

Mama mmoja nisiyemjua alinigusa bega kwenye foleni ya bustani ya michezo. Alikuwa amenisikia nikiwalinganishia rafiki zangu treni za bustani hizo, zile za reli za mbao zinazopanda na kuporomoka: ipi inatisha, ipi inaumiza mbavu, ipi mtu anaweza kuirudia.

“Mwanangu, hii unasema ni ya upole?”

“Kama kitanda, mama. Hata mara kumi unarudia.”

Sikumwambia kwamba zote nilizijua kwa video tu, tulipofungiwa ndani mtaani kwetu Granville kwa sababu ya korona.

“Basi panda na mimi mara mbili. Ya kwanza yangu, ya pili ya mume wangu, Baba Ketsia. Alitamani sana, korona ikamubeba. Peke yangu niko naogopa.”

“Nakuahidi, mama.”

Treni ilipoporomoka mara ya kwanza, viti vikatugonga mgongoni, naye akacheka kwa sauti. Mimi nilitapika ndani ya barakoa. Matapishi ya moto yalinijaa puani, yakachuruzika shingoni hadi kwenye shati.

“Mtaalamu!” rafiki zangu walipiga kelele kutoka viti vya nyuma. “Kitanda kimekulaza?”

Sikuweza kuinua uso. Tuliposhuka, mama alinifuta kidevu kwa ncha ya kitenge chake, kama mtoto.

“Imetosha, mwanangu. Baba Ketsia ataelewa.”

Lakini macho yake yalikuwa kwenye treni.

Nilimwomba mhudumu barakoa nyingine. Zamu yetu ilipofika tena niliketi kando yake, nikashusha chuma cha kutuzuia juu ya mapaja yetu sote wawili.