Chini ya Themanini

Anastasia alivua viatu, akavua mkanda, akachomoa hata pini za nywele, kisha akapanda kwenye mizani akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, namba zilikuwa zilezile. Tisini na moja.

"Dada Anastasia," alisema Magreth, afisa lishe, kwa sauti ya chini. "Mwili haudanganyi. Kuna kitu unakula hutuambii."

"Nakuapia, sili kitu."

Magreth alikuwa binti mwenye subira, lakini leo hata yeye alionekana kuchoka. Akarudia hesabu aliyoieleza tangu siku ya kwanza. Mwili wa Anastasia, hata ukilala tu kitandani, unachoma kama kalori elfu moja na mia sita. Ukiongeza kazi ya cherehani na shughuli za nyumbani, zinafika elfu mbili na mia mbili. Akila pungufu ya hapo kwa mia tano kila siku, mwili utalazimika kutumia mafuta uliyoyaweka akiba, na uzito utashuka.

"Miezi mitatu, dada. Ulitakiwa uwe umeshapungua kilo tano au sita."

Kwenye benchi, kaka yake Deogratias alikuwa ameegemea ukuta, uso umemvimba, macho mazito. Kila alipoletwa mjini kusafishwa damu kwa mashine, walipitia kwa Magreth pamoja. Hesabu ya kalori aliielewa upesi kuliko mdogo wake, akawa anauliza maswali ambayo Anastasia hakuyafikiria: ugali una kiasi gani, karanga je, mafuta ya kupikia je. Dereva wa lori aliyeishia kidato cha pili, lakini kichwa chake kilikuwa chepesi.

Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa, na sasa hata mishipa ya mikono ilianza kukataa sindano. Vipimo vilionyesha kwamba figo ya Anastasia inamfaa. Tatizo likawa uzito. Madaktari walisema kwa kimo chake hawawezi kumpasua mpaka ashuke chini ya kilo themanini, la sivyo huenda asiamke.

Mwanzoni Deo alikataa katakata. Wiki nzima hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Lakini walipoambiwa kwamba ni lazima Anastasia apungue kwanza, alitazama chini, akasema, "Haya. Jaribu."

Anastasia aliona hiyo ni zamu yake ya kulipa. Mama yao aliingia chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa shuka. Deo akaacha shule, akabeba mizigo Mikese mpaka akajifunza udereva, akamsomesha mdogo wake ushonaji. Na mume wa Anastasia alipofariki, ni Deo aliyewachukua yeye na wanawe wawili, akawaweka nyumbani kwake Mlali.

Sasa hakuweza kuendesha gari, akaomba aachiwe jiko. "Wewe unanipa figo, Ana. Niache angalau nikupikie." Kila mchana na kila jioni alimwekea chakula chake kando na cha watoto: ugali wa dona uliopimwa kwa kikombe, na kisamvu alichosema amekichemsha kwa nyanya na kitunguu tu. Jambo la ajabu, chakula kile kilikuwa kitamu. Anastasia alidhani ni njaa.

Na njaa ilikuwepo, maana aliacha chai ya asubuhi, akaacha matunda. Alfajiri alipanda njia ya mlimani hadi kwenye mashamba ya kabichi, akirudi amelowa ukungu na jasho. Majirani wakaanza kumtania kwamba anataka kuolewa tena. Aliporudi alimkuta Deo amemwekea maji ya kuoga, akimtazama kwa jicho la huruma. "Usijiue, mdogo wangu," alikuwa akisema.

Siku hiyo ya mizani, kabla hawajaondoka, Magreth aliwaambia ukweli. Madaktari wametoa mwezi mmoja wa mwisho, uzito uanze kushuka. La sivyo watafunga mpango, kwa sababu Deo mwenyewe atakuwa amedhoofu mno asiweze kustahimili kisu.

Njiani kurudi Mlali Anastasia alilia waziwazi mbele ya abiria. "Ni mimi ninayekuua, kaka. Huu mwili wangu ndio unaokuua."

Deo alimshika mkono, akaushikilia mpaka wakashuka.

Kuanzia kesho yake Anastasia akaacha chakula cha jioni pia. Alhamisi, katikati ya kushona sare ya mteja, macho yaliingiwa na giza, akaangukia cherehani. Mteja alimmwagia maji, akamwambia arudi nyumbani akalale. Ilikuwa bado saa nzima kabla ya muda wake wa chakula cha mchana.

Alipita mlango wa uani, taratibu, akijishikilia ukuta. Jikoni Deo alikuwa amempa mgongo. Bakuli la kisamvu la Anastasia lilikuwa wazi juu ya meza. Deo alimimina mafuta ya alizeti kwenye kijiko, akayatia ndani ya bakuli, akakoroga mpaka majani yakayameza yote. Akatia kijiko cha pili, cha tatu, cha nne. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Kisha akaufungua ugali wa mdogo wake katikati, akapaka siagi, akaufinyanga tena vizuri kama haujaguswa.

Alipogeuka akamwona dada yake mlangoni. Hakuficha chupa. Alimvutia kigoda, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa ule, Ana," alisema. "Wanao bado wadogo."